Namba Kumi na Saba

Ghala la silaha la Vitongoji lina dirisha moja,
dirisha lina wavu, na nyuma ya wavu
yupo Sajini Bihawa Shaame na daftari lake
la jalada jekundu, na kalamu kaifunga kwa uzi
kana kwamba ndiyo itakayoibwa.

Wiki tatu kabla ya mashindano. Mimi kuruta,
sijapata kushindana hata mbio za magunia.
Na mchezo wenyewe ni wa silaha tatu:
bunduki, bastola, marisau.
Unakimbia, unapiga, unaweka, unashika nyengine,
na nyuma yako mtu na saa yake, hana huruma.
"Bastola na marisau mtapokezana," kasema Sajini,
"kama kata ya mtungini. Bunduki ndiyo yako. Chagua."

Nikachagua kwa macho.
Ile ya pembeni, nyeusi tii, mpya, kasiba ndefu,
juu yake darubini inayouvuta mkarafuu wa ng'ambo ya bonde
mpaka ukahesabu vikonyo.
Makame alishaniambia bingwa wa mwaka jana
alikuwa na ya namna ile.
Sikumuuliza bingwa ana mabega gani.

Sajini hakubisha. Akaniandikia risasi tano.
"Nenda. Kisha urudi."

Ya kwanza ilinipiga mimi kabla ya shabaha.
Ya pili nikachungulia ndani ya darubini
nikaona nyasi, nyasi, kope zangu mwenyewe, nyasi.
Kwenye ya tatu mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka
kama wa mtu aliyebebeshwa sinia
kwenye harusi asiyoalikwa.
Ya nne na ya tano niliziomba radhi.

Nikarudi. Hakuuliza kitu.
Akapanga mezani tatu nyengine,
akazifungua moja moja, akanitaka nitie kidole
nihakikishe hamna kitu, kisha nitie tena.
"Fumba macho. Inua begani
kama unavyopokea mtoto wa watu. Haya, fumbua."

Ya kwanza, nikafumbua nikaona dari.
Ya pili ina kitako kirefu, shingo yangu imenyooka
kama kuku aliyesikia jina lake.
Ya tatu nikafumbua,
na tundu, na ncha, na doa la ukutani
vimekaa mstari mmoja, vinaningoja.

Haikuwa na uzuri. Ubao wa kitako umechubuka,
namba imeandikwa kwa rangi nyeupe
na mkono usiotulia: 17.
Magazini inaingia kwa sauti
ya mlango wa kabati la mama.
"Hii inakula risasi yoyote tunayoletewa," kasema Sajini,
"na ikikwama, utaikwamua machozi hayajashuka.
Ile ya bingwa utaijia siku utakayojua
kosa lipi lako, lipi lake.
Kwa sasa makosa yote ni yako.
Chukua isiyoongeza."

Nikatia saini. Uzi wa kalamu haukufika,
ikabidi niiname.

Jumamosi nikapewa ruhusa ya kwenda nyumbani, Mtambwe.
Mama akaliona bega nilipovua baibui:
zambarau, ukubwa wa kisahani cha chai.
"Kakupiga nani?"
kwa sauti niliyoisikia mara moja tu,
usiku ule tulipotoka kwa baba
na begi moja na taa ya mkono.

"Hakuna, mama. Ni ile nzuri.
Nimeiacha."

Mama hakucheka.
Akapasha mafuta ya nazi, akanipaka
kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
mpaka kidole kikazoea mahali pabaya palipo.
"Na uliyoichukua?"
"Ya kawaida. Imenikaa."

"Basi," akasema,
akafunika chupa.