Kinachozungukwa

Umeme ulikatika saa tatu usiku,
Kuze yote, Kibokoni yote, hadi Makadara,
nikapanda darini na karatasi za mtihani
arubaini na moja, tochi ya simu mdomoni.

Swali la saba: Shimo jeusi ni nini? (Alama mbili.)
Wengi wamenirudishia nilichowapa ubaoni:
mvuto usioachilia hata nuru.
Mejumaa wa Likoni, anayechelewa kila Jumatatu
(feri, mwalimu, feri),
ameandika kwa penseli:
Ni kitu hakionekani,
lakini walio karibu nacho hawatulii.

Mwongozo wa kusahihisha haulijui jibu hili.
Kalamu imebaki hewani.

Na sijapata kuiona anga ya Mombasa hivi.
Kilindini tu kunawaka, wana majenereta yao,
na kusini, juu ya antena za majirani,
mkanda mweupe kama unga
uliomwagwa na mtoto aliyetumwa dukani mbio.
Babu, aliyewapigia watu falaki kwa ratili ya sukari,
aliwarudisha wenye harusi: si leo, mwezi u Akarabu.
Kisha kidole kikasogea hadi Kausi, kikapita.
Hakujua kimepita juu ya nini.

Huko nyuma ya Kausi,
mwendo wa nuru wa miaka ishirini na sita elfu,
upo uzito wa majua milioni nne
uliokunjwa mahali padogo kuliko njia ya Utaridi.
Picha waliyoipiga ni ya kivuli:
pete ya moto, na katikati, hapana.
Walikuwa wameshaujua zamani, kwa nyota zinazouzunguka.
Moja hutumia miaka kumi na sita.
Hukaribia, ikatoka mbio
kama mtu aliyesikia akiitwa jina,
ikapita, ikapunguza mwendo, ikageuka.

Miaka kumi na sita.

Mbwarali alitolewa chumba cha chini
na watu wanne wa gari lisilo na namba,
chai yake ingali ikifuka.
Tangu siku ile baba anazunguka kwa miguu:
Sentro, Makupa, mahakamani,
chumba cha maiti, Sentro tena,
mpaka muuza mahamri wa Mwembe Tayari
akawa anatambulia saa kwake.
Mama hakutoka. Hufagia mbele ya mlango ule,
taratibu, na kwa sauti ya puani:

    Mato yangu hayaoni
    aliyeko mle ndani,
    ila hwona mlangoni
    vumbi likenda na kuya.

Ziko nyota hurushwa nje moja kwa moja, hazirudi:
Mwanashee yuko Maskati, hupiga simu Idi kwa Idi.
Mimi nilisomea fizikia.

Husemwa shimo lile hunyonya kila kitu. Uongo.
Ukiwa na mwendo wako, halikumezi.
Utazunguka tu. Utapika, utafunga, utafuturu,
utasahihisha karatasi za watoto wa watu.
Ila saa, kadiri zinavyolisogelea, huchelewa.
Mle chumbani
bado ni Alhamisi.

Mlango wa nje umelia. Baba.
Nasikia kiatu kimoja kikivuliwa,
kimya kirefu,
kisha cha pili. Hakuna anayemwuliza.

Mara friji za mtaa mzima zikaguna pamoja,
taa zikarudi, mtu akashangilia huko Kibokoni,
na ule unga juu ukafutika kama haukumwagwa.

Nikachukua kalamu nyekundu.
Mejumaa: mbili juu ya mbili.
Pembeni nikaandika: Umejuaje?
Nikalitazama lile swali.
Nikalikata mara mbili, tatu,
hadi lisisomeke.