Daftari la Idjwi

Nabintu alisema: twende kwa Nshobole,
pale Nyawera, juu ya duka la vitenge,
ana kalamu za bure, ana feni,
ana picha ya bwawa la hoteli ya Idjwi,
buluu kuliko ziwa lenyewe.

Mimi ni mwalimu wa hesabu.
Nilipanda ngazi, nikaketi, nikasikiliza.
Siku tatu, kulala mara mbili, boti, chakula, mapokezi:
dola mia tatu na themanini, watu wawili.
Nikauliza: na wewe, humo ndani, uko kiasi gani?
Akacheka kwa meno ya mbele tu.

Nikanunua daftari la miraba.
Wiki sita nikawa wakala wa nafsi yangu.
Nahodha alinipa namba ya karani,
karani akanipa ya shemeji yake,
shemeji akataka kujua nani kanipa namba.
Nilishuka bandarini mara nne kuuliza swali moja,
nikarudi na majibu matano.
Niliandika: boti hutoka saa moja na nusu,
maana yake saa tatu.
Niliandika: keti kushoto, asubuhi jua hupiga kulia.
Ukurasa wa nane: mayai kumi ya kuchemsha,
sita yetu, matatu ya karani,
moja la asiyejulikana, maana hakosekani.
Chumvi ifungwe kwenye karatasi ya dawa.

Usiku nilimsomea Nabintu jumla:
mia mbili na kumi na nne.
Akageukia ukuta.
«Weye Mugaruka, utaniua na hesabu.
Mwezi mzima umesafiri peke yako.»

Hilo sikuliandika.

Ijumaa boti ilitoka saa tatu kasoro dakika mbili.
Tuliketi kushoto.
Na kiti cha mbele yetu, jaketi la uokozi hadi masikioni,
mikono miwili kwenye chuma,
nani? Nshobole.
Bila feni, bila kalamu.
«Njo mara yangu ya kwanza,» akasema,
macho kwenye maji kama mtu anayetazama deni.
Miaka tisa akiuza kisiwa,
na kisiwa hakijawahi kumwona.
Nabintu alimpa lile yai la kumi.

Hotelini alisimama kando ya bwawa muda mrefu.
Lilikuwa na ukubwa wa jiko letu,
jani moja la mgomba likielea katikati.
«Nimewaapia watu,» akasema. «Nimewaapia watu wazima.»
Kisha akavua viatu, akaingia na gauni lake,
Nabintu akamfuata, mke wangu,
ambaye hata mvua ya Kadutu huikimbia,
nami nikabaki na daftari, nikilinda mikoba.

Tulikula sambaza wa kukaanga, tukakata nanasi
ambalo halikuwa kwenye bajeti.

Jumamosi jioni nikafungua ukurasa wa kurudi.
Ulikuwa mweupe.
Miraba tu, safi, kama dirisha lisilo na mtu.
Jumapili hakuna boti, akasema mpishi, kwani hukujua?
Jumatatu saa moja nina darasa la tano, sehemu na desimali.
Baba aliniita Mugaruka, yule anayerudi,
na kurudi ndiko nilikosahau.

Nshobole hakucheka, hata kwa meno ya mbele.
Alishuka hadi majini, mguu mmoja ziwani, mmoja jiweni,
pale tu mtandao unapofika,
akaita watu kwa majina ya watoto wao:
Baba Ansima, za siku? Mama Asifiwe, bado unanidai?
Simu tatu. Akapandisha vidole vitatu.
Viti vitatu, boti ya mizigo, alfajiri,
katikati ya magunia ya kahawa.

Nikatoa pochi. Akaisukuma.
«Nipe ule ukurasa wa nane,
ule wa mayai.
Wateja wangu hushuka na njaa
na mimi sikujua kwa nini.»

Nikauchana taratibu, kwa kufuata mstari.
Boti ilinuka kahawa mbichi na mafuta.
Nabintu alilala begani kwangu, upande wa jua.