Kisigino cha Kulia

Mimi ni fundi viatu, Chang'ombe, jirani na mashine ya kusaga.
Sura za watu hunipotea; soli hazinipotei.
Ya mlevi hulika ubavuni. Ya mwenye madeni hulika nchani,
kwa kukimbia huku amesimama.
Basi Bi Matika Chilewa akaniletea raba nishone,
nikazigeuza: zimelika sawasawa, kama sabuni.
Mama, nikauliza, wewe unatembeaje?
Akasema: Jumamosi alfajiri, ghala kuukuu la mtama, Kizota.
Uje pekupeku.

Nilidhani nitapewa upanga.
Miezi minne nilipewa sakafu.
Anguka. Nikaanguka kama gunia.
Anguka tena; gunia halina bega, wewe unalo.
Bega, mgongo, nyonga, kisha simama
kana kwamba ulikuwa unapita tu.
Sechela, akinikanda kwa maji ya chumvi,
aliuliza kama huko Kizota nalipwa.
Bi Matika alicheka: mji wenyewe huu
umepewa jina na tembo aliyedidimia.
Kosa lake, hakufundishwa kuinuka.

Kisha kutembea. Akatandaza mabua ya uwele,
makavu, yanayopasuka hata ukiyawazia,
akatupa mgongo. Ukisikika, unarudi mlangoni.
Mimi, na Yelemia wa bodaboda, na Nyemo wa chuo,
tulirudi mlangoni mpaka mlango ukatuzoea.
Kidole kidogo kwanza, ukingo wa unyayo, ndipo uzito,
polepole, kama anayemimina mafuta kwenye kibatari.
Upepo ukipiga bati, piga hatua.
Usishindane na kelele. Ingia ndani yake.

Haya aliyapata Kongwa, enzi za usichana,
kwa injinia Mjapani aliyekuja kuchimba visima.
Mchana walitafuta maji. Jioni, nyuma ya mtambo,
mzee yule alichomoa fimbo na kuirudisha, mara mia,
naye, mpishi wa kambi, akahesabu kwa macho,
baadaye kwa mikono.
Alimwachia neno moja, kaliandika vumbini kwa kijiti:
juu makali ya upanga, chini yake moyo.
Nasi hutuandikia vumbini vilevile.
Hatujawahi kulinakili; upepo wa Dodoma hauna subira
hata na neno la subira.

Panga zetu ni za mninga, ala zetu mabomba ya maji.
Kuchomoa tulijua kwa wiki.
Kurudisha, mwaka haujatosha:
bila kutazama, kidole gumba kikiutafuta mdomo wa ala,
pumzi ikitoka yote.

Mwezi wa nane akaja mteja, buti lake bado.
Akalipiga teke karai langu, misumari, gundi, uzi wa nta,
vyote chini,
akamtaja mama yangu, niliyemzika Mvumi mwezi wa tano.
Mkononi nilikuwa na kisu cha ngozi.
Hicho si cha mninga.
Nikasikia uzito ukihamia kidole kidogo, ukingo wa unyayo.
Nyonga ilishageuka.
Mashine ya kusaga ilinguruma, nami nilikuwa ndani ya kelele,
hakuna ambaye angenisikia.

Kidole gumba kikautafuta mdomo wa ala.
Sikutazama.
Nikasema: Alhamisi, saa nne. Njoo na elfu tatu.

Alikuja, akalipa, hakusema kitu.
Sijamwambia mtu kwamba mikono ilinitetemeka hadi jioni;
hata Bi Matika,
ingawa Jumamosi ile aliitazama,
akaniongezea hamsini. Za kurudisha tu.

Usiku huu nimevigeuza viatu vyangu karibu na taa.
Cha kushoto, sawa.
Cha kulia bado kisigino kinalika,
upande wa nje. Kidogo.