Pita Huku, Ni Karibu

Tulipomaliza arobaini ya kaka, kule Kahangara,
wifi yangu Nyanzobe alininyooshea kidole bila kunitazama:
"Pita huku, ni karibu."
Nikapita. Palikuwa mbali kweli.
Miaka sita tulikuwa tukisalimiana kwa kidevu,
kisa eneo la marehemu baba:
mawe saba na mnyaa mmoja.

Nilifika Kayenze usiku, nikavua sketi,
nikaona imeota manyoya.
Viganda vya kahawia, vidogo, vimeungana kama shanga,
vimeng'ang'ania pindo kama mdai mlangoni.
Desmodiamu.
Ile ile aliyoniambia mwaka juzi
kwamba haina mbegu ya kugawa.

Nilikesha na taa ya sola nikivibandua kwa kucha.
Vilitimia mia na kumi na nne.

Shamba langu lilikuwa la kiduha.
Uzuri wake usiuulize: ua la zambarau, shingo juu,
katikati ya mahindi yaliyodumaa,
kumbe chini kwa chini limetia mrija.
Unaling'oa leo,
keshokutwa limerudi na wadogo zake.

Mbegu hii ina ganda gumu, haisikii maji.
Niliisugua kwa msasa wa fundi Lugembe, taratibu,
kama mtu anayefuta jina bila kuuumiza ubao,
nikaichanganya na mchanga wa ziwa uliochekechwa,
maana peke yake ni ndogo, upepo huondoka nayo.
Mfereji wa kina cha ukucha. Udongo laini, si mabonge.
Vuli ikachelewa siku tisa.
Zikaota thelathini na moja.
Kuku wa jirani wakala nne.

Miezi miwili ya kwanza ni mvivu huyu.
Anakaa tu na vijani vyake vitatu vitatu,
magugu yanampita, unapalilia kwa vidole,
magoti yanalia, unajiuliza
kama si majani tu umeyafuga.
Halafu siku moja anatambaa.

Msimu wa pili nilikata mashina yaliyokomaa,
kila moja urefu wa kiwiko hadi kidole:
vifundo viwili udongoni, kimoja nje kipumue,
asubuhi ya mvua, katikati ya mistari ya mahindi.
Hapo msasa hauna kazi. Kifundo kinajua.

Bwana shamba alisema mizizi yake
humwamsha kiduha kabla ya wakati.
Anaamka na njaa, anapapasa,
hapati pa kunyonya, anakufa.
Nilicheka peke yangu njia nzima.
Ziko kesi katika ukoo wetu
zingefaa kuamshwa hivyo.

Mwaka wa tatu maua yakaenea, waridi iliyopauka,
nyuki hadi mchana wa jua kali,
na ng'ombe wangu mmoja akaongeza nusu lita.
Nakata, yanachipua. Nakata.

Ndipo Nyanzobe akaja, kwa kikao cha lile eneo.
Kikao kiliahirishwa, kama kawaida yake.
Alikula michembe kwa maziwa, hakusema mengi,
ila macho yake yalikuwa shambani.
Nilishasikia: kiangazi mbuzi walivunja uzio wake
wakatafuna hadi mizizi.
Asingeomba.
Nami sikuzaliwa kumpa mtu asiyeomba.

Alipoinuka, basi la Magu linapiga honi barabarani,
nilikuwa na beseni mkononi, sikugeuka vizuri.
Nikanyoosha kidole.
"Pita huku, ni karibu."

Si karibu. Unazunguka jabali zima.

Alisimama kidogo.
Kanga aliyokuwa ameipandisha hadi magotini
akaishusha, ikagusa majani,
akapita polepole, katikati.