Alama ya Swali

Bwana Wubbo Tjaarda aliandika kwa kalamu ya risasi,
pembeni kabisa, kwa mkono wa mtu anayeogopa kuchafua:
1665, kisha alama ya swali.
Miaka thelathini na mmoja imesimama pale
kama mgeni aliyebisha hodi asijibiwe.

Leo ni zamu yangu. Ghala la michoro, Rotterdam, chini ya ardhi.
Mto Maas umejifunika ukungu, nimeambiwa;
huku hatuna dirisha.
Nimenawa mikono mara mbili. Glavu sivai:
karatasi huongea na ngozi.

Naanza na kilichopo, si kinachosemwa.
Wino wa kijivu uliolegezwa kwa maji.
Manowari ya milingoti mitatu imetugeuzia shetri
kama mtu anayeondoka bila kuaga.
Juu ya usukani, korongo wa kuchongwa, mguu mmoja hewani.
Foromali zi tupu, matanga hayapo.
Ubavuni, matundu ya mizinga: ishirini na mawili.
Nahesabu tena kwa ncha ya mfupa.
Ishirini na moja, na moja limezibwa,
mbao mpya, mchoraji kaziacha nyeupe.

Jeraha hilo ndilo lililomponza Wubbo.
Liko ubavu wa kulia. Akapekua kumbukumbu za vita
akimtafuta korongo aliyepigwa kulia,
akampata, 1665,
au alimtaka mno hata akampata.

Mimi nikawasha taa chini ya karatasi.
Njia ya mwongo fupi; ya karatasi ina waya ndani yake.
Ikachomoza chapa ya kiwanda, kofia ya mchekeshaji,
njuga saba, ya tatu kilema.
Kilema hicho nilikwisha kukutana nacho
kwenye stakabadhi ya mjane wa Hoorn, Trijn Fokkes:
mapipa manne ya siagi, kenda ya samaki wakavu,
Machi 1653.
Waya wa kalibu haudumu. Mwaka, miwili,
unapinda, unatupwa.

Lakini karatasi yaweza kulala sandukuni miaka kumi
ikimngoja wa kuichorea.
Sikuandika kitu. Nikapanda juu kunywa kahawa, nikarudi.

Ndipo nikaiona mistari ya kivuli,
yote imelalia upande usio wake
kama mwandiko ndani ya kioo.
Na korongo, ambaye mkataba wa mchongaji
unamtaka asimame kwa mguu wa kulia,
amesimamia wa kushoto.
Huu si mchoro. Ni chapa ya mchoro:
karatasi mbichi iliyolazwa juu ya nyingine, ikakandamizwa
hadi ikanywa wino wa mwenzake.

Kulia ni kushoto.
Na korongo aliyepigwa kushoto yumo daftarini,
mstari mmoja mkavu:
Agosti 1653, tundu la saba, watu watano.

Kwenye ukingo wa shetri kuna mtu mdogo,
mikwaruzo mitatu ya kalamu, ameegemea.
Nimemrudishia miaka kumi na miwili.
Vita vya pili bado hajavisikia.

Alhamisi nikapanda treni hadi Schiedam, chumba namba tisa.
Wubbo alikuwa akimenya chungwa kwa vidole vinavyotetemeka.
"Kioo," nikasema.
Akanyamaza. Akaliweka ganda juu ya gazeti, taratibu,
kama mtu anayepanga ushahidi.
"Mjinga mimi," akasema. "Miaka yote hiyo
nilikuwa nimesimama ndani yake."
Kisha: "Umefuta?"
"Bado."
"Futa mwaka. Swali liache,
hilo sikukosea."

Akanipa nusu ya chungwa. Lilikuwa kali.
Vidole vyangu vikanukia hadi jioni,
na karatasi sikuigusa siku ile.