Utepe wa Chini

Kituo chetu kiko ghorofa ya pili, Kibuye,
juu ya duka la rangi.
Ndiyo maana buluu yetu si buluu ya ziwa,
kama mkurugenzi anavyowaambia wageni.
Ni ya makopo manne yaliyobaki
mteja alipofariki kabla ya kumaliza nyumba.
Tuliipaka ukutani nyuma ya mtangazaji,
nami nikaisaka kwenye kompyuta usiku kucha
mpaka ukuta na utepe vikafanana.

Hiyo ndiyo kazi yangu: utepe,
ule mstari upitao chini ya kidevu cha mtu
ukisema yeye ni nani.
Na saa ya pembeni ni yangu.
Ilichelewa dakika tatu, na Kondele nzima
ikafungua vibanda kwa dakika tatu zangu.
Na dunia inayozunguka kabla ya taarifa ya saa moja:
ilizunguka kinyume miaka mitano.
Mwalimu mmoja wa Maseno akatuandikia barua,
"Je, huko kwenu jua huchomoza Busia?"
Tukaibandika mlangoni.
Dunia hatukuigeuza.

Siku Nafuna alipovaa gauni la kijani
tumbo lake liligeuka ramani,
mvua ikanyesha Siaya, kati ya vifungo viwili.
Na kompyuta ilipokwama,
HABARI ZA HIVI PUNDE ilikaa siku kumi na moja,
nyekundu, juu ya mazishi, juu ya mpira,
juu ya mapishi ya omena.

Lakini majina niliyachunga.
Fonti tuliyoipata bure haikuijua ng':
ile alama ndogo ilitoka kisanduku kitupu,
kama pengo la jino.
Ong'wen, pengo. Nyang'or, pengo.
Ng'ombe wa Muhoroni, kundi zima, mapengo.
Nikaichonga alama mwenyewe, nukta kwa nukta,
nikawa naitundika kwa mkono,
jina kwa jina, jioni kwa jioni,
Nafuna akiwa ameshasema hamjambo.

Ila utepe ulibeba herufi ishirini na nne tu.
Waziri aliongezewa utepe wa pili, wa vyeo.
Aliyesimama majini hadi kiunoni
aliandikwa MKAZI.
Mkazi, Nyando. Mkazi, Budalang'i.
Mafuriko yale niliandika wakazi arobaini na mmoja,
na mmoja wao alikuwa shangazi yangu.
Alinipigia usiku kwa simu ya jirani:
"Nimeona umeniandika.
Sasa huyu Mkazi ni nani?
Nimeolewa tena bila kuambiwa?"

Kesho tunawasha sura mpya.
Wenye kituo wameinunua Nairobi,
moja kwa Nakuru, Kisumu na Kakamega:
vioo, mng'ao, herufi nyembamba kama sindano.
Nzuri, sikatai.
Saa haichelewi. Dunia inazunguka ipasavyo.
Na neno MKAZI limo ndani tayari,
huhitaji hata kuliandika.

Leo tuta la mto limebomoka tena,
na kwa kukosa picha mpya wamerusha za mwaka ule:
shangazi, kikapu cha kuku kichwani,
akimfokea mpiga picha asogee, anamzibia njia.
Nikaushika utepe kwa ncha yake ya kulia,
nikauvuta.
Ukameza hali ya hewa ya Kakamega,
ukameza saa na dakika zake tatu,
ukapanda juu ya nembo.

DORSILA ANG'IENDA, NYAR KANO, MFUGAJI WA KUKU, AHERO

Simu ya mkurugenzi ikalia. Ikalia tena.
Sekunde nane.
Nilikuwa naiangalia alama baada ya ng,
kama imeshika.