Siku Tatu Ninazodai

Stipan, weka kalamu chini kidogo.
Daftari lako la mirabaraba limejaa hadi pambizoni:
saa kumi na moja na dakika arobaini, treni kutoka Osijek;
saa tano kasoro dakika nane, Zagreb, supu, choo;
basi; feri; dakika ishirini za kunyoosha miguu.
Umezipigia mstari mwekundu dakika hizo,
kana kwamba miguu nayo ina kituo.

Najua. Miaka thelathini na moja umeendesha tramu,
na mtaa mzima ulirekebisha saa kwa kengele yako.
Mama Ruža wa ghorofa ya pili aliepua mayai
ukikata kona.
Lakini bahari haina reli, mume wangu,
na hicho kisiwa cha Lastovo,
hata tukichelewa, hakiondoki.

Nje ni Februari. Ukungu wa mto Drava
umejilaza kwenye vioo kama ng'ombe anayecheua.
Nimeivaa nguo mpya ya kuogelea juu ya soksi za sufi
ili uone rangi yake.
Hukuinua macho. Ulikuwa unatafuta feri ya Jumanne.
Ni ya bluu, Stipan. Bluu iliyokoza.
Nimeilipia kwa awamu mbili.

Fungate ni siku saba, husema waliojaliwa kuzimaliza.
Sisi tulipata nne, mwaka wa tisini na moja,
kwenye ghala la chini la shangazi yako,
kati ya magunia ya viazi na redio isiyonyamaza.
Juu yetu mabomu yalikuwa na ratiba yake.
Ulinishika mkono, ukanihesabia sekunde
tangu mlio hadi kishindo,
na tangu siku ile hujaacha kuhesabu.
Sikulaumu. Hesabu hiyo ndiyo iliyonipa usingizi.

Ila zimebaki siku tatu.
Nazidai.

Juzi nilimpigia simu Bi Perina, mwenye chumba.
Nikamuuliza huko kwao kuna nini cha kutazama.
Akacheka hadi akakohoa.
"Dohani," akasema, "kila nyumba na yake,
na kila moja inajidai kuliko ya jirani.
Kuna samaki, mwanangu akiamka. Kuna giza.
Giza letu ni zuri, nyota tele hadi kero.
Ufunguo uko chini ya chungu cha rozmari.
Mkinikosa, nipo kwenye mizabibu. Msiniite."
Nikamuuliza tufike saa ngapi.
Akanyamaza, kana kwamba nimemuuliza uzito wa upepo.

Basi jana usiku nikachukua kifutio.
Nikaifuta supu. Nikaufuta unyooshaji wa miguu.
Nikafuta "kuogelea, dakika arobaini na tano",
nikafuta "machweo, tuwahi",
nikafuta "mapumziko" iliyobanwa kati ya mistari miwili
kama abiria wa mwisho mlangoni.
Vumbi la raba likatapakaa mezani.
Ulilitazama kama mtu anavyotazama nywele zake
zikianguka kwa kinyozi.
Hukusema neno. Ukakunja miwani, ukaenda kulala,
na kwa mara ya kwanza
hukuitega saa.

Asubuhi nimelikuta daftari limeegemezwa kwenye birika.
Ukurasa mweupe, makovu ya kalamu tu,
na chini kabisa, kwa mwandiko wako wa kukandamiza:
"Basi la Split, viti vya kulia.
Nimemuuliza dereva mmoja. Anasema
bahari hutokea upande huo, ghafla, baada ya mlima.
Dirishani akae Nevenka."

Halafu, pembeni, kwa herufi ndogo
kama mtu anayenong'ona ndani ya tramu iliyojaa:
"Niliiona. Bluu imekupendeza."